Kabla ya Kubadilisha Springi, Nunua Daftari

Watu wengi wakitaka bunduki ya hewa ya springi ipige shabaha vizuri zaidi, jambo la kwanza wanalofikiria ni springi kali zaidi. Hoja yao inaonekana ya akili: kitu kikienda kasi, kitafika pale pale ulipolenga. Mimi ni mwandishi wa programu, si fundi wa silaha, lakini hoja hii naijua kwa sababu naisikia kazini kila mara. Programu ikiwa nzito, mtu anasema tununue kompyuta yenye nguvu zaidi. Hajapima chochote. Hajui ni sehemu gani ya programu inayochelewesha kazi. Anataka nguvu tu!

Leo nataka kutetea msimamo mmoja. Shabaha hutokana na kufanya jambo lile lile kwa namna ile ile, kila mara, na huwezi kujua kama unafanya hivyo mpaka upime. Tena nasema somo hili linaweza kufundishwa Kibera na Kawangware kwa vifaa ambavyo vingi viko nyumbani tayari. Nitafika huko. Kwanza tuielewe mashine yenyewe.

Bunduki ya springi inafanya kazi hivi. Unapoikunja, unarudisha pistoni nyuma na springi inabanwa. Ukifyatua, springi inasukuma pistoni mbele ndani ya silinda, hewa inabanwa ghafla mpaka inapata joto kali, na hewa hiyo ndiyo inayosukuma kidonge kidogo cha madini ya risasi kupitia mtutu. Sasa sikiliza jambo la ajabu: pistoni inaanza safari kabla kidonge hakijasogea. Bunduki inapiga teke kwenda nyuma, kisha pistoni inapofika mwisho na kukutana na hewa iliyobanwa, bunduki inavutwa mbele. Vurugu hizi zinaanza kidonge kikiwa bado ndani ya bunduki.

Maana yake ni nini? Ni kwamba namna unavyoishika bunduki ni sehemu ya mashine. Ukiibana sana mara hii, ukailegeza mara ijayo, matundu kwenye karatasi yatakwenda pande mbili ingawa jicho lako halikukosea. Ndiyo sababu wazoefu wa bunduki hizi hawazikabi. Huilaza juu ya kiganja kilicholegea, pale pale kila mara, na kuiacha iruke inavyotaka kuruka. Ikiruka vile vile mara kumi, kidonge kitatoka vile vile mara kumi.

Mambo mengine ambayo mwenye bunduki halali anaweza kuyafanya nyumbani yanafuata njia hiyo hiyo. Kaza skrubu za kitako, maana zikilegea bunduki inaruka tofauti. Pangusa mtutu. Pima vidonge na utenge vizito na vyepesi. Usimimine mafuta ndani ya silinda, kwa sababu hewa iliyobanwa ina joto la kuyawasha kama injini ya dizeli, na kila mlipuko mdogo unabadilisha kasi. Springi yenyewe usiifungue bila kifaa cha kuibana. Inatoka kwa nguvu ya kuvunja vidole. Tazama orodha hiyo tena, ndugu msomaji. Hakuna hata jambo moja linaloongeza nguvu. Yote yanaondoa tofauti kati ya pigo moja na jingine.

Kama huniamini, tazama Olimpiki. Mchezo wa bunduki ya hewa ya mita 10 uliingia Olimpiki mwaka 1984 huko Los Angeles. Katikati ya shabaha yake, alama ya 10 ni kidoa cha nusu milimita, wakati kidonge chenyewe kina upana wa milimita 4.5. Bunduki zinazotumika huwa na nguvu ya jouli 7.5 hivi au pungufu. Huko Uingereza mtu anaweza kununua bunduki ya hewa ya kuwindia sungura yenye karibu jouli 16, zaidi ya maradufu. Kwa hiyo bunduki za hewa zenye shabaha kali kuliko zote duniani ni miongoni mwa zile dhaifu!

Kampuni ya Feinwerkbau ya Ujerumani ililielewa jambo hili mapema. Bunduki yao ya modeli 150, ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilikuwa ya springi, lakini waliipandisha juu ya reli ndogo ili wakati wa kufyatua mashine iteleze nyuma yenyewe bila kumsukuma mpigaji. Hawakuongeza springi. Walilitenga teke na bega la mtu. Bunduki za mashindano za leo zimeiacha springi kabisa na zinatumia hewa iliyohifadhiwa kwenye chupa, kwa sababu ile ile: hakuna pistoni nzito inayokimbia wakati unalenga.

Haya, tuje nyumbani. Kibera ina uhusiano wa zamani na watu wa bunduki. Wanubi waliokuwa askari wa King's African Rifles ndio waliokaa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikalitangaza eneo hilo kuwa ardhi ya jeshi. Jina lenyewe linatokana na neno la Kinubi, kibra, yaani msitu. Lakini leo bunduki ya hewa haina nafasi kwenye vichochoro vya Makina, Gatwekera au Laini Saba, wala kule Kawangware upande wa Gatina au Congo. Usiagize, usinunue wala usikubali kuwekewa na rafiki kabla hujaenda kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Polisi akikukuta na kitu chenye umbo la bunduki kwenye kichochoro cha giza, hatakuuliza kama kina springi ndani.

Springi ya mtaani kwetu ni mpira. Nazungumzia manati, ambayo wengine huiita panda na vijana wa Nairobi huiita feya. Kijiti chenye pacha, vipande viwili vya tyubu, kipande cha ngozi. Kanuni ni moja na ya bunduki ya springi: unaweka nguvu ndani ya kitu kinachonyumbuka, halafu unaiachilia kwa ghafla. Kwa mtu anayetaka kujifunza, manati ni bora kuliko bunduki, kwa maana hakuna kilichofichwa ndani ya silinda. Kila kitu kiko wazi machoni. Sisi watu wa programu tungesema ni chanzo huria.

Hebu tufanye hesabu kidogo, usiogope. Chukua kidonge cha udongo kinachotoka kwenye manati kwa kasi ya mita 40 kwa sekunde, na shabaha iko mita 10. Tukiacha kando upinzani wa hewa, kidonge kinatumia sekunde 0.25 njiani, na kwa muda huo kinashuka sentimita 31 hivi. Mara ya pili mkono wako umevuta pungufu kidogo, kikatoka kwa mita 36. Sasa kinashuka karibu sentimita 38. Tofauti ya asilimia 10 katika kasi imekuletea sentimita 7 za tofauti kwenye karatasi, hata kama ulilenga pale pale.

Mpenda nguvu atasema: ongeza mpira! Haya, tumpe mita 50 kwa sekunde. Nishati inayohitajika imepanda kwa zaidi ya nusu, na mkono umeanza kutetemeka. Kama kasi yake bado inabadilika kwa asilimia 10, matundu yatapishana kwa sentimita 4.6. Amefaidi, sikatai. Lakini mwenzake aliyebaki na mita zake 40 na kupunguza mabadiliko ya kasi mpaka asilimia 2, matundu yake yanapishana kwa sentimita 1.3 tu. Huyu wa pili hakuongeza hata uzi mmoja wa mpira. Alichoongeza ni utaratibu.

Sasa atajuaje kama ni asilimia 10 au 2? Hapa ndipo daftari linapoingia, na ndipo simu ya mkononi inapokuwa na faida kuliko kutazama video tu.

Kamera ya simu inayopiga picha 240 kwa sekunde haitoshi sana. Kidonge cha mita 40 kwa sekunde kinaruka karibu sentimita 17 kati ya picha moja na inayofuata, kwa hiyo ukikosea picha moja umekosea sana. Tumia maikrofoni. Rekoda ya kawaida inachukua vipimo 44,100 vya sauti kila sekunde. Weka simu karibu na mpigaji, rekodi mlio wa mpira na mlio wa karatasi ikitobolewa, kisha fungua sauti hiyo kwenye programu ya bure kama Audacity. Utaona vilima viwili. Pima muda kati yao. Toa muda ambao mlio wa karatasi ulitumia kurudi, ambao kwa mita 10 ni kama sekunde 0.029. Kilichobaki ni muda wa kidonge kuruka. Umepata kipimo cha kasi bila kununua chochote!

Halafu kuna karatasi yenyewe. Piga mara kumi, halafu pima kila tundu liko umbali gani kutoka katikati, kulia au kushoto, juu au chini. Andika. Utapata majibu mawili tofauti ambayo watu wengi huyachanganya. Jibu la kwanza ni wastani wa matundu yote uko wapi. Kama yote yamejikusanya kushoto, tatizo ni dogo: sogeza unapolenga. Jibu la pili ni matundu yametawanyika kiasi gani. Hilo halitibiwi kwa kusogeza. Ni lazima utafute linalobadilika.

Na namna ya kulitafuta ni kutumia umbali mbili. Kwa mita 3, yaani urefu wa chumba kimoja cha kawaida cha mabati, tofauti ya kasi ya asilimia 10 inaleta milimita 6 au 7 tu juu na chini. Kwa hiyo matundu yakitawanyika zaidi ya hapo kwa mita 3, usilaumu mpira. Ni mkono wako au namna unavyoachia. Matundu yakikaa pamoja kwa mita 3 lakini kwa mita 10 yakawa mstari wa kwenda juu na chini, basi mkono ni mzima na kasi ndiyo inayobadilika. Hivi ndivyo tunavyotafuta kasoro kwenye programu: unagawanya tatizo mara mbili, unajua liko upande gani, unaendelea kugawanya.

Vyanzo vya tofauti kwenye manati ni vichache na vyote vinashikika:

1. Vidonge. Mawe ya kuokota hayafanani. Kanda udongo wa mfinyanzi, ukate kwa kipande cha bomba ili kila tonge liwe sawa, ufinyange, ukaushe kivulini, kisha upime. Vilivyozidi au kupungua uviweke kando. Udongo una faida nyingine: ukigonga kitu kigumu unapondeka, haurudi kama golo la chuma au bano la kioo. Hayo usitumie kabisa.

2. Mpira. Kata vipande viwili kutoka sehemu moja ya tyubu, kwa rula na wembe mkali, upana sawa, urefu sawa. Kipande kimoja kikiwa kinene, kidonge kinavutwa upande. Tyubu nyingi za baiskeli ni mpira wa butili, ambao unameza sehemu kubwa ya nguvu unayouwekea na kurudi polepole, na baridi inauzidishia uzito. Asubuhi ya Julai jijini Nairobi uvute mara kadhaa kabla ya kuanza kuandika.

3. Mvuto. Chagua mahali pamoja kwenye shavu ambapo mkono unafika kila mara, usipite wala usipungukie. Wapiga upinde wanaolenga mita 70 kwenye Olimpiki hutegemea jambo hili. Tunao wa kwetu: Shehzana Anwar, mpiga upinde, ndiye aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa michezo ya Rio mwaka 2016.

4. Kuachia. Weka alama katikati ya ngozi ili kidonge kikae pale pale, na uachie vidole bila kuvipindua.

Badilisha kimoja tu kwa siku, piga kumi, andika. Ukibadilisha viwili pamoja hutajua kipi kilisaidia. Mwandishi yeyote wa programu aliyewahi kurekebisha mambo matano usiku mmoja anaelewa ninachosema.

Wakazi wa Kibera wameshaonyesha kinachotokea watu wakianza kupima wenyewe. Mpaka mwaka 2009, mtaa huo ulikuwa kama pengo kwenye ramani za mtandaoni, ingawa maelfu na maelfu ya watu waliishi humo. Mwaka huo vijana wa Kibera, katika mradi wa Map Kibera, walitembea vichochoroni wakiwa na vifaa vya GPS wakaandika shule, vyoo, zahanati na mabomba ya maji, kisha wakayaweka kwenye OpenStreetMap. Pengo likajaa. Ramani hiyo ilitoka kwa miguu, kalamu na kurudia.

Najua kuna watakaosema: huyu anawafundisha watoto wa mtaa kurusha mawe. Hofu hiyo ina msingi. Hakuna aliyesahau ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo hata reli inayopita Kibera iling'olewa. Na hata bila siasa, nyumba zimebanana, kuta ni za mabati, watoto wanacheza mlangoni. Jicho halina spea. Mzazi anayeikuta manati na kuitupa kwenye jiko la makaa ana sababu zake, na simcheki.

Lakini nauliza: kupiga marufuku kumeondoa manati? Mtoto wa miaka 12 anatengeneza nyingine kabla ya jua kutua, na anaitumia pale ambapo hakuna mtu mzima. Anachokosa ni utaratibu. Mtoto aliyefundishwa hesabu anaweza kukokotoa mwenyewe kwamba kidonge cha mita 40 kwa sekunde, kikirushwa juu kwa pembe ya nyuzi 45, kingefika mita 160 kama si upinzani wa hewa. Hata ukigawa kwa mbili, hesabu hiyo inapita juu ya mapaa mengi sana, na chini ya kila paa kuna mtu. Akishaiandika kwa mkono wake, huhitaji kumwambia mara mia kwamba manati hairushwi hewani.

Kwa hiyo masharti yangu ni makali. Mtu mzima awepo. Kila mtu avae miwani ya plastiki ya mafundi, kwa sababu mpira ukikatika unarudi usoni kwa mpigaji mwenyewe. Kagua mpira kila siku pale ulipofungwa, ndipo unapoanza kuchanika. Shabaha iwe karatasi mbele ya sanduku lililojazwa matambara, na nyuma yake ukuta wa mawe, si mabati. Mita 3 ndani ya chumba kisicho na mtu upande wa pili wa sanduku, au mita 10 kwenye uwanja wa shule wanafunzi wakishaondoka. Si kando ya reli, si karibu na Soko la Toi, si kituo cha 46. Ndege pia si shabaha. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori tangu 1977, na ndege wa Msitu wa Ngong Road hawajamkosea mtu. Kama huwezi kutimiza hata sharti moja, usipige. Jifunze kuvuta na kuachia bila kidonge.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi. Kibera na Kawangware hazijakosa watu wanaokuja na nia njema ya kuwafundisha watoto kompyuta. Nawashukuru. Ila mara nyingi naona mafunzo yakianza na kibodi na kuishia na cheti, na mtoto hajawahi kuulizwa: ulijuaje? Mtaala wa Umilisi, ulioingia madarasani nchini kote mwaka 2019, unasema mtoto ajifunze kwa kutenda. Vizuri. Basi tumpe jambo analolipenda tayari, lenye jibu linaloonekana kwenye karatasi, ambalo halimdanganyi. Karatasi haijali kama unatoka Kilimani au Kawangware. Matundu yako pamoja au yametawanyika.

Mtoto aliyetumia wiki mbili akitafuta kwa nini matundu yake yanakwenda kushoto, akagundua kwamba kipande kimoja cha tyubu kilikuwa kipana kwa milimita 2, huyo ameshajua kazi yangu. Kilichobaki ni kumfundisha lugha ya programu, na hiyo ndiyo sehemu rahisi. Aliyefundishwa kwamba dawa ya kila kitu ni nguvu zaidi ataomba kompyuta kubwa zaidi maisha yake yote.

Walimu na wazazi, mnaweza kuanza Jumamosi hii: sanduku moja, udongo, miwani, rula na daftari la kurasa 32. Siku ya kwanza msiruhusu mtu yeyote abadilishe chochote. Wapige kumi kumi, wapime, waandike. Matokeo yatakuwa mabaya, na hayo ndiyo mnayoyahitaji kwa kulinganisha na Jumamosi ya pili.